Shangazi, mwanangu ni kipanga ila shule inamshinda

"Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili, wa kike miaka 11 na wa kiume miaka 8. Huyu wa kiume alijua kusoma kabla hajaanza shule, hakuna aliyemfundisha, na hesabu anafanya za dada yake. Tatizo darasani anamaliza mapema alafu anaanza kusumbua wenzie, mwalimu kaniita mara tatu anasema mtoto mkorofi na mwandiko wake hausomeki. Juzi alikosa swali moja kati ya ishirini, akachana daftari, akalia mpaka akalala, na sasa kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma. Baba yake anataka aruke madarasa mawili, mimi naogopa. Alafu wageni wakija anaitwa sebuleni azidishe namba kichwani, dada yake ananyanyuka anaingia chumbani kuandika hadithi zake. Nifanyeje? – Mama Kipanga"

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka kwa hiyo habari ya kufanya hesabu za dada yake, ya pili nikafika pale daftari lilipochanwa nikaacha kucheka. Manake shida yenyewe ipo hapo, hayo ya ukorofi na madarasa mawili yanafuata nyuma.

Ila tumbo kwanza. Mpeleke hospitali, usije ukasema ni mawazo tu kumbe mtoto ana kitu, na ukiwa huko huko omba wampime macho na masikio. Na huo mwandiko usiupuuze. Watu watakwambia ah, huyo akili inakimbia kuliko mkono, na inaweza ikawa kweli, lakini kuna watoto wana akili kali kabisa na hapo hapo wana shida ya kweli ya kuandika, au ya kusoma, au ya kutulia, na vitu hivyo viwili vinafichana, akili inaziba shida isionekane, shida nayo inaziba akili, mwalimu anabaki anaona mtoto wa kawaida tena mvivu. Mtaalamu wa saikolojia ya watoto au wa elimu maalum akimpima mtajua mko wapi, msikae mnabahatisha.

Haya sasa, daftari. Jiulize, tangu mtoto wako aanze kushika penseli ameshawahi kukutana na kitu kikamgomea, akakaa nacho siku mbili tatu, mwisho akakiweza? Naamini hajawahi. Miaka yote kila anachopewa anakimaliza kabla hata hajakaa vizuri kwenye kiti, na kila akimaliza watu makofi, kwaiyo kichwani kwake kuwa na akili maana yake ni kutokosea, na siku alipokosa moja kati ya ishirini aliona lile jina la kipanga ndo linamtoka mbele ya watu. Zile kumi na tisa alizopata wala hazikuwepo machoni kwake. Ungekuwa wewe usingechana daftari? Mimi ningechana.

Na hili haliishi lenyewe kwa kukua. Yupo Terence Tao wa Australia, mtu wa hesabu, mwaka 1988 alichukua medali ya dhahabu kwenye olimpiadi ya kimataifa ya hisabati akiwa na miaka kama 13 tu, na 2006 akapewa Medali ya Fields ambayo kwa watu wa hesabu hakuna cha kuipita. Huyo huyo amesimulia mwenyewe kwamba alipokwenda Princeton kusomea PhD aliingia kwenye mtihani mkubwa wa mdomo bila kujiandaa sawasawa, maana alishazoea kupita tu, na alinusurika kidogo afeli. Sasa kama Tao kipigo kilimkuta chuo kikuu, huyo wako bora kimkute sasa hivi akiwa na miaka 8 na mama yake yupo jikoni.

Kwaiyo dawa ya kwanza ni mtoto apate kazi ngumu. Najua inasikika kama kichaa, mtoto analia nawe nakwambia mwongezee ugumu, ila ndo hivyo. Mtafutie kitu ambacho hakijui kabisa na akili peke yake haimvushi, ala ya muziki, kuogelea, lugha mpya, hata kusuka au kuchonga, kitu kinachotaka mkono urudie rudie. Akikosea usikimbilie kumbembeleza na usimwambie "lakini wewe una akili bwana", kaa pembeni, muulize umejaribu njia gani, ipi nyingine ipo. Na mwache akuone na wewe ukikosea. Akikuuliza swali usilolijua mwambie sijui, twende tukatafute, usijitie kujua, hao watoto wanagundua.

Kuhusu sifa. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio yao na watoto wa darasa la tano Marekani, watoto walipewa mafumbo wakafanya vizuri, wengine wakasifiwa kwa akili, wengine kwa kujitahidi. Walipoletewa mafumbo magumu wakakwama, wale waliosifiwa akili hamu ikawaisha, yaliyofuata wakafanya vibaya kuliko mwanzo, na walipotakiwa kumwandikia mtoto mwingine wasiyemjua alama walizopata, hao hao ndo waliodanganya zaidi. Watafiti wengine baadaye wamebishana hiyo athari ni kubwa kiasi gani, sawa, wabishane, ila mimi nimelea na nimefundisha na nimeiona kwa macho yangu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wako hata maji hatii, anaogopa kupanda mnazi tena asije akaonekana kateleza.

Sasa shule. Hapa nikiri kitu. Nimeshika chaki miaka mingi kabla ya safu hii, na nilikuwa na binti mmoja darasani anamaliza kila kitu wa kwanza, na mimi kwa ujanja wangu nikawa namtuma kugawa madaftari, kufuta ubao, kufundisha wenzie waliokwama, mwaka mzima. Nilijiona mwalimu bora. Baadaye ndo nikaelewa yule mtoto mwaka ule hakujifunza chochote, aligawa madaftari. Na akimaliza maswali kumi nilikuwa namuongezea kumi mengine ya aina ile ile, yani adhabu ya kuwahi kumaliza ni kazi zaidi, mpaka akajifunza kwenda pole pole. Mwalimu wa mwanao sidhani ana roho mbaya, ana darasa limejaa na mtoto mmoja anayeboeka, na mtoto anayeboeka miguu inawasha.

Ukienda kumuona usianze na neno jiniasi, ukilitamka tu masikio yanafungwa. Nenda na vitu mkononi, hesabu anazofanya nyumbani, vitabu anavyosoma, kisha omba jambo moja dogo: kabla ya kuanza mada mpya mtoto apewe lile jaribio la mwisho wa mada. Akionyesha kwamba anayajua, yale mazoezi ayaache, na dakika zile apewe kitu kingine badala yake. Badala yake, sio juu yake, hapo ukazie. Swali moja gumu linalomchukua wiki, kutunga maswali yake mwenyewe, kuchunguza jambo analolipenda alafu awaeleze wenzie. Na muombe mwalimu, mtoto akikosea asimtangaze darasani, na akipata mia asimtangaze vile vile.

Kuruka darasa. Mumeo hajakosea kabisa, na wewe hofu yako naielewa ila imekuzwa kidogo. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha mtoto aliye tayari akirushwa kwa kawaida anafanya vizuri kimasomo, na ile hofu ya kwamba ataharibika au atakosa marafiki mara nyingi haitokei, tena watoto wengine ndo kwanza wanapata mtu wa kuongea naye. Lakini neno ni aliye tayari. Huyu anasoma kama wa miaka 13 na analia kama wa miaka 5, sio ajabu kwa watoto wa aina hii, vitu vyao havikui kwa mwendo mmoja, na wakati huu anaumwa tumbo na anachana daftari, mimi nisingemhamisha wiki hii wala wiki ijayo.

Na madarasa mawili kwa mpigo sitaki. Hebu piga hesabu, dada yake kamzidi miaka mitatu, ukimrusha mawili atabaki darasa moja tu nyuma yake, huyo binti umemuuliza?

Anza na somo moja. Kipindi cha hesabu aende akakae na darasa la juu, masomo mengine abaki na wenzie. Tena rudi kwa yule Tao, hata yeye wazazi wake hawakumbeba mzima mzima wakamtupa juu, walimpeleka shule ana miaka mitatu na nusu wakaona bado hajawa tayari kukaa darasani wakamrudisha nyumbani, baadaye akawa anasoma hesabu na wakubwa huku masomo mengine yuko madarasa ya chini zaidi. Kama baada ya muhula mambo yanaenda, basi mzungumzie darasa zima moja, kwa majaribio ya wiki kadhaa, mwalimu anayempokea awe amekubali kwa moyo, na mtoto mwenyewe awe anataka. Asipotaka, yameisha hapo.

Baba yake. Kwanza usije ukamsema vibaya kwa mtoto. Mwanaume anajivunia mwanawe, hilo sio kosa, ila hiyo shoo ya sebuleni ikome. Mkae wawili, umwambie kwa upole kwamba mtoto anayeitwa kwa wageni ili azidishe namba anaelewa kwamba anapendwa kwa ajili ya namba, na siku namba zikigoma atabaki na nini. Mpe baba kazi nyingine, wacheze naye mchezo ambao baba anamshinda kweli kweli, bao, drafti, mpira, chochote, na mtoto akishindwa amwone baba yake anacheka naye na kupanga vipande upya. Pia muachieni muda mtupu. Shule, masomo ya ziada, ala, kuogelea, vyote kwa pamoja ndo mnamuua, chagueni kimoja, jioni zingine aende akachafuke na wenzie.

Nimalizie na huyo binti, maana barua nzima umempa mstari mmoja na nusu. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman alianza kukusanya watoto wenye akili kule California, aliwapima akapata zaidi ya 1,500 akawafuatilia miaka mingi mpaka utu uzima wao. Kati ya waliopimwa wakaachwa kwa kuwa alama hazikufika walikuwepo William Shockley na Luis Alvarez, na hao wawili ndo waliokuja kuchukua Nobel ya fizikia, mmoja 1956 mwingine 1968. Kwenye lile kundi lake la wateule hakutoka hata mmoja wa kuipata. Sikwambii binti yako atachukua Nobel, nakwambia tu kuna mtoto anaingia chumbani kuandika hadithi na hakuna aliyemfuata kuuliza zinahusu nini.

Leo usiku gonga mlango wake, omba akusomee moja. Usimsahihishe. Na kama atakubali nakili kipande unitumie, Shangazi naye anapenda hadithi.