Usichapishe kitu kabla hujasoma majina mwishoni mwa filamu (jibu kwa ndugu wa Nakuru)

Simamisha hiyo kazi ya kuchapisha. Leo hii. Mpigie mwenye duka la mabango kabla hajawasha mashine, kisha urudi hapa tuongee.

Umeandika kwamba unaandaa usiku wa kupigia kura muziki wa Hans Zimmer, yule mtunzi wa muziki wa filamu, hapo Nakuru, ukumbi wa Section 58 umeshautolea malipo ya kwanza, kumi bora iko tayari na bango linachapishwa kesho. Unauliza mambo manne: uanze na Interstellar au Inception, ukodishe spika gani, kiingilio kiwe pesa ngapi, na kama nyimbo za The Lion King zihesabiwe. Haya. Lakini mimi nimekwama kwenye ile sentensi yako ya katikati uliyoipitia mbio mbio, kwamba orodha umeitoa kwenye folda uliyowekewa kwa flashi na jamaa wa duka la muvi. Nikashuka hadi namba tatu yako, nikakuta "Mind Heist – Inception". Nikaweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Ndugu yangu, "Mind Heist" si ya Hans Zimmer. Ni ya Zack Hemsey. Ilipigwa kwenye trela, lile tangazo fupi, ya filamu ya Inception mwaka 2010, basi. Ndani ya filamu yenyewe haimo, hata nusu dakika.

Najua utaniambia kwamba kwenye mtandao imeandikwa Zimmer, na waliotazama ni mamilioni. Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya watu, nikiwa nimevaa fulana iliyoandikwa hivyo kifuani.

Huku Kisumu tuna kikundi cha wapenzi wa muziki wa filamu, wengi wetu ni watu wa kwaya na wapiga kinanda, na wachache kama mimi ambao hatuwezi kupiga hata kayamba lakini tuna maoni. Tukaamua kufanya usiku kama huo wako. Mimi ndiye niliyejitolea kuandaa orodha, kwa kuwa nilikuwa na "chanzo". Chanzo chenyewe ni jamaa wa duka la muvi upande wa Kondele, bingwa wa kujua kila kitu. Ukimuuliza filamu ya Kikorea anakujibu, ukimuuliza ya Kihindi anakuimbia. Akaniuzia folda nzima: "Hans Zimmer Yote". Neno "Yote" lilipaswa kunishtua. Halikunishtua. Nilifurahi kama mtoto aliyeokota hamsini.

Tulipiga kura kwanza kwenye kikundi chetu cha WhatsApp ili usiku wenyewe uwe wa kutangaza mshindi. Mind Heist ikashinda, tena kwa mbali. Ukiisikia utaelewa: tarumbeta zinakuja taratibu, zinapanda, zinapanda, hadi unajihisi unaweza kuisukuma matatu peke yako. Nami kwa kiherehere changu nikaona mshindi akishajulikana, kwa nini tusiuze fulana mlangoni? Nikaenda kwa mchapishaji Oginga Odinga Street, nikalipa pesa yote mkononi ili anipunguzie bei. Nyeusi, maandishi ya rangi ya dhahabu: jina la Zimmer juu, jina la muziki chini, na bunda la fulana likabebwa kwa tuktuk hadi ukumbini Milimani. Nyingine niliziuza kabla ya siku yenyewe, watu wakanitumia kwa M-Pesa. Zingatia hapo kwenye M-Pesa, kwa sababu hela ya M-Pesa inarudishwa kwa M-Pesa, na ada ya kutuma ni yako.

Usiku ukafika, ukumbi ukajaa vizuri. Tukatangaza mshindi, tukaicheza kwa sauti yote, watu wakapiga makofi. Ndipo mwalimu mmoja wa bendi ya tarumbeta, mtu mpole kabisa, akainua mkono. Akauliza swali moja tu: "Hii inapigwa sehemu gani ya filamu? Ningependa tuione."

Mimi nikajibu bila kusita: mwishoni, pale wanapoamka. Tukaweka filamu kwenye projekta. Pale wanapoamka inapigwa "Time", ambayo ni ya Zimmer kweli, na kila mtu ukumbini aliitambua. Mwalimu akatingisha kichwa. Nikasema basi ni pale korido inapozunguka. Tukarudisha nyuma. Siyo. Nikasema ni kwenye theluji. Siyo. Wakati huo watu wameshaanza kucheka, kile kicheko cha chini kwa chini, na mimi nimevaa ile fulana. Kuivua siwezi, ndani sikuvaa kitu.

Mwalimu akasema twende kwenye majina ya mwisho. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nakala yangu, kutoka duka lile lile, ilikuwa imekatwa. Picha inaisha, papo hapo linakuja tangazo la duka na namba ya simu. Jamaa alikuwa anakata majina ili faili zienee kwenye flashi! Kijana mmoja akatoa nakala yake kamili, tukakaa gizani tukisoma majina yakipanda, ukumbi mzima, kama tunaosubiri matokeo ya mtihani. Zimmer yupo, peke yake, herufi kubwa. Nyimbo zilizoazimwa zipo, na Edith Piaf, mwimbaji wa Kifaransa, yupo. Mind Heist haipo. Hemsey hayupo. Hakuwa na sababu ya kuwepo, kwa maana trela hutengenezwa na watu wengine, mara nyingi kabla muziki wa filamu haujakamilika, na muziki wake hutafutwa kwingine.

Kurudisha hela kulichukua usiku mzima. Wengine walitaka ya fulana, wengine wakataka na ya kiingilio, na mmoja akadai nauli ya boda kutoka Mamboleo. Nikampa. Ulikuwa si usiku wa kubishana.

Asubuhi nikaenda Kondele. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri njiani. Nikamweleza yule bingwa yote, kuhusu Hemsey, kuhusu fulana, kuhusu mwalimu. Akanisikiliza huku akimnakilia mteja mwingine katuni, kisha akaniambia: "Zimmer, Hemsey, si ni wazungu wote hao, boss?" Halafu akanipa ofa ya filamu mbili kwa bei ya moja. Nawaomba msiniulize kama nilizichukua.

Watu wa aina hii ndio wanaotuharibia. Hajui, lakini anaandika jina la faili kwa uhakika ambao hata mtunzi mwenyewe hana. Na wenzake wa mtandaoni ni wale wale: mtu anachukua muziki wowote wenye tarumbeta nzito, anaubandika picha ya Leonardo DiCaprio, anaandika "Hans Zimmer", anapata watazamaji. Wingi wa watazamaji unakuonyesha watu wangapi wamedanganywa pamoja nawe, hauonyeshi kingine.

Kwa hiyo shika sheria hii moja, mengine yote utayapata njiani: MUZIKI AMBAO HUJALISOMA JINA LA MTUNZI WAKE NDANI YA FILAMU YENYEWE HAUINGII KWENYE ORODHA. Si jina la faili, si kichwa cha video, si "kila mtu anajua". Pata nakala kamili, isogeze hadi mwisho, simamisha. Jina la mtunzi mkuu huwa limekaa peke yake kwenye skrini. Chini zaidi, kwa herufi ndogo, kuna waliotunga muziki wa ziada. Mbali kabisa huko mwisho kuna orodha ya nyimbo zilizoazimwa kutoka kwingine. Ni sehemu tatu tofauti. Ukitazama kwa programu ya simu, nyingi zinayapunguza majina hadi yawe kijidirisha na kukurushia filamu nyingine. Bonyeza kijidirisha hicho haraka, usikubali.

Nimeitumia sheria hii kwenye orodha yako, na mambo si mazuri. Namba sita yako ni Tenet. Tenet ni ya Ludwig Göransson. Zimmer aliiacha ili afanye Dune, na hakukosea, kwa sababu Dune ilimpa Oscar yake ya pili. Oppenheimer pia ni ya Göransson, kwa hiyo kama ulikuwa unaiweka akiba, iondoe. Huo ugonjwa wa "Nolan ni Zimmer" uko kila mahali: watu wanadhani kila filamu ya mkurugenzi Christopher Nolan ina muziki wa Zimmer. Memento na The Prestige ni za David Julyan. Mkurugenzi mmoja anaweza kubadilisha watunzi anavyotaka, hawajaoana.

Namba tisa yako, "He's a Pirate", ndiyo itakuletea kelele, na hapa nakiri sheria yangu inachechemea kidogo. Filamu ya kwanza ya Pirates of the Caribbean, ya 2003, ina jina la Klaus Badelt. Zimmer alikuwa ameshikwa na The Last Samurai, akaandika melodia kuu na kusimamia, na kundi la watunzi likaikamilisha kwa mbio. Kuanzia ya pili, 2006, hadi ya nne, 2011, jina ni la Zimmer. Ukitaka maharamia kwenye orodha, chukua ya 2006 au ya 2007 ulale usingizi. Kama ni lazima ya 2003, andika Badelt kwenye bango, herufi zile zile, ukubwa ule ule. Hata Gladiator hakikisha jina la Lisa Gerrard lipo, na The Dark Knight uweke la James Newton Howard, maana walitunga pamoja na Zimmer. Huyo wa pili anasahauliwa na kila mtu, hata mimi nilikuwa nimemsahau, lakini kwa bahati sikumchapisha fulana.

The Lion King, kwa kuwa uliuliza: nyimbo zenye maneno ni za Elton John na Tim Rice. Muziki wa nyuma ni wa Zimmer, na ndio uliompa Oscar ya kwanza. Ile sauti ya mwanzo inayoamsha nyumba nzima ni ya Lebo M wa Afrika Kusini. Kwa hiyo "Hakuna Matata" toa, hata watoto wakilia. Muziki wa Mufasa akianguka korongoni weka, na uandae leso.

Halafu kuna hili lililotokea usiku ule ambalo bado linanifurahisha. Kati ya vurugu za kurudisha pesa, mzee mmoja aliyeketi nyuma akasema: mnagombana juu ya Mjerumani, na "Kothbiro" ya Ayub Ogada wetu inasikika ndani ya The Constant Gardener, mbona hakuna aliyeitaja? Na ni kweli. Filamu ya 2005, iliyopigwa hapa Kenya, mtunzi wake mkuu ni Alberto Iglesias, na ndani yake imo nyatiti, kile kinubi cha Kiluo, ya Ogada, aliyefariki 2019 hapo Nyahera. Tukaicheza. Hakuna aliyedai hela wakati inacheza. Nyinyi wa Nakuru mkifanya usiku mwingine, fanyeni huo.

Interstellar au Inception? Interstellar, bila mjadala. Nolan alimpa Zimmer ukurasa mmoja tu ulioandikwa juu ya baba na mtoto wake, bila kumwambia ni filamu ya anga za juu, na kiini cha muziki wote kikatoka hapo. Kile kinanda kikubwa cha mabomba ni cha Temple Church, London, kimepigwa na Roger Sayer. Weka sikio karibu na spika pale mwanzoni mwa sauti na utasikia mabomba yanavuta pumzi kabla hayajaimba. Inception nayo ina utamu wake: zile tarumbeta nzito zimetokana na wimbo wa Piaf, ule wa Kifaransa unaowaamsha wale wa ndotoni, ukipunguzwa kasi. Sasa fikiria, muziki wote huo halali upo ndani ya filamu, na mimi nikaenda kuchapisha wa trela.

Piga simu dukani kwanza. Ukirudi, tuma orodha mpya, na mbele ya kila muziki uandike jina ulilolisoma kwa macho yako. Nitaipitia yote, na wenzangu hapa wataipitia.

Fulana bado ninazo, zimebaki zile kubwa kubwa. Nakupa bure kama utazifutia vumbi spika, na nauli ya gari hadi Nakuru ni juu yako.