Ukigeuza Coaster iwe ya kulala, kitanda kiache nyuma na kisikunjwe

Mimi ni mtu wa kitanda cha kudumu, nasema mapema kabisa ili ujue huu ushauri unatokea upande gani. Ukigeuza Coaster au Hiace iwe gari ya kusafiria na kulala humohumo, kitanda kikae nyuma, kimeshatandikwa, neti imeshafungwa, hakikunjwi na hakigeuki meza. Wengi wanaonitafuta hapa Mwanza wanakuja na picha za gari za Ulaya kwenye simu, meza katikati na makochi mawili yanatazamana, usiku meza inashushwa, mito inapangwa juu yake panakuwa kitanda. Sio mpangilio mbaya na sio wa leo, zile Volkswagen za Westfalia zilishaanza na mambo ya kiti kugeuka kitanda tangu miaka ya 1950, na kwa watu wawili wasio na haraka unafanya kazi vizuri tu. Ila jiulize kwanza safari zako wewe zikoje.

Safari zetu sisi ni za familia. Mimi, mama watoto, watoto, na mara nyingi bibi yao upande wa mama yupo, tunatoka Nyakato jioni baada ya kazi tunashika barabara ya Musoma, ukifika Lamadi ni usiku, mvua imeanza na mtoto kalala tangu Magu. Sasa mwenye meza ya kugeuza hapo anatakiwa amnyanyue mtoto, atoe vyombo, ashushe meza, apange mito ambayo siku zote mmoja unapanda juu ya mwenzake, ndo atafute shuka. Mwenye kitanda cha kudumu anambeba mtoto anamlaza, basi. Na asubuhi mzee akitaka kujinyoosha kidogo wakati wengine wanakunywa chai anajinyoosha, hakuna anayemwambia atoke tupange meza.

Hoja inayokuja kila mara ni kwamba kitanda cha kudumu kinakula nafasi. Kinakula ndiyo, ila kwenye Coaster kuna njia. Upana wake ndani unazidi futi 6 kidogo, ukishapiga plaiwudi pembeni unapungua tena, kwahiyo mtu wa futi 5 na inchi 7 au 8 analala kwa upana wa gari bila shida, kichwa dirisha hili na miguu dirisha lile. Hapo godoro la 5 kwa 6 linakula futi 5 tu za urefu wa gari badala ya 6, na hiyo futi moja uliyookoa kwenye gari ni kabati zima la nguo. Kama una futi 6 kamili au zaidi usikubali fundi akushawishi, utalala umekunja magoti safari nzima, wewe weka kitanda kwa urefu upande mmoja na ukubali njia ya kupita iwe nyembamba. Kingine, kwenye kitanda cha upana anayelala nyuma kabisa lazima amruke mwenzake akitaka kutoka, kwahiyo mwenye kuamka amka usiku alale upande wa mbele, haya muyaongee nyumbani kabla seremala hajaanza.

Urefu wa kitanda kutoka sakafuni mi napenda sentimita 70 hivi, juu yake godoro la inchi 5, maana bado unaweza kukaa kitandani bila kichwa kugonga dari na chini unapata stoo ya maana kabisa, viti vya kukunja, dumu za maji, spea taya, kreti la soda. Coaster yenye mlango wa nyuma ni bora zaidi kwa hili, unachukua vitu ukiwa nje bila kuingia na tope. Fremu chomelea kwa skwea paipu, juu weka marine bodi, yaani plaiwudi inayovumilia maji, iliyotobolewa matundu, bila hayo matundu godoro linapata ukungu chini, na unyevu wa huku kwetu ziwani sio wa mchezo.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye hizo picha za Ulaya hulioni na kwetu ndo la kwanza. Mkwe. Huwezi kulala kwenye kitanda kilicho wazi mama mkwe wako yupo kwenye kochi hatua tatu mbele, na pazia la kitenge halitoshi, heshima haikai. Sisi tulipiga ukuta mwembamba wa plaiwudi kati ya kitanda na sebule na mlango wa kuslaidi, juu tukaacha upenyo wa kiganja kimoja ili hewa ipite. Bibi analala mbele kwenye kochi na mjukuu mmoja, ana swichi yake ya taa na dirisha lake, akitaka kuamka alfajiri kusali anaamka hapiti kwa mtu. Ule ukuta ndo kitu ambacho bibi mwenyewe alikisifia kuliko vyote, na tangu uwepo hajawahi kukataa safari.

Kochi lenyewe nalitaka la ubavuni, refu, upande wa dereva, likitazamana na mlango. Upana sentimita 60 ili usiku liwe kitanda cha mtu mmoja bila kugeuza chochote, kimo sentimita 45 pamoja na mto. Sababu yangu kubwa ni wageni. Ukipaki kijijini, tuseme Kayenze au ukivuka Kisorya kwenda Ukerewe, haipiti nusu saa watu wameshakuja kuwasalimia, mwangaluka, mwangaluka, ndo salamu ya Kisukuma hiyo, na mzee wa watu huwezi kumsimamisha nje ukamjibu kupitia dirishani. Kwenye yale makochi ya kutazamana bibi wa miaka sabini anatakiwa ajipenyeze kiubavu kati ya meza na kiti huku kashika kanga yake na fimbo, nimeshuhudia kwenye gari ya shemeji yangu, yule bibi aliishia kukaa kwenye ngazi ya mlango. Kwenye kochi la ubavuni anaingia, anageuka, anakaa, anapewa chai. Meza mi natumia ya kukunja yenye mguu mmoja, ikiisha kazi inasimama nyuma ya kiti.

Ila kochi la ubavuni sio la kukalia gari ikitembea. Acha safu ya kwanza ya viti vya kutazama mbele nyuma ya dereva na ufungishe mikanda ya kweli, iliyoshikwa na bolti kwenye chuma cha bodi na sio kwenye plaiwudi, watoto wakae hapo. Hili sijadili na mtu kuhusu nafasi.

Jiko liwe mlangoni. Kwenye Coaster mlango wa abiria uko kushoto, kwahiyo kaunta yangu inaanza palepale baada ya mlango, kimo sentimita 88, sinki dogo na jiko la gesi la pleti mbili. Joto na harufu vinatoka mlangoni havipandi kitandani, na ukiwa nje unanyoosha mkono unachukua kisu. Kwa nje kuna kibao kimefungwa na bawaba, unakikunjua kinakuwa kaunta ya pili na hapo ndo sato anakaangwa, maana samaki ukimkaanga ndani hata siku moja godoro linanuka wiki nzima. Enzi za foleni ya kivuko Kigongo kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025 hicho kibao ndo kilikuwa mgahawa wetu, chai inachemka foleni haisogei. Siku hizi unavuka kilomita 3 za daraja kwa dakika chache, lakini kibao bado kinafanya kazi kila tukisimama.

Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye boksi lake peke yake, na tundu la kutolea hewa liwe chini kabisa kwenye sakafu, lielekee nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka, tundu la juu halisaidii kitu. Na mkaa usiingie ndani ya gari hata kwa ajili ya kuota moto usiku wa mvua, mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, watu wanalala hawaamki. Nawaomba sana kwa hili.

Bafu la ndani sitaki. Najua hapa tutatofautiana, kuna ndugu yangu Bukoba kaweka bafu na choo chenye tanki la kutoa na anafurahi nalo, ila kwangu mimi ni kabati la futi 3 kwa futi 3 linalotumika dakika kumi kwa siku na lina unyevu saa zote. Sisi tunaoga nje, pazia la turubai linaning'inia kwenye mlango wa nyuma, ndoo ya maji ya moto na kopo. Kwa dharura ya usiku kuna choo kidogo cha kubeba chini ya kochi. Tusichofanya ni kuoga kwenye maji ya ziwa yaliyotulia pembeni penye majani, kichocho kipo, na watoto ndo wanakipata zaidi.

Maji yanahitaji hesabu kidogo. Lita moja ni kilo moja, tanki la lita 100 ni kilo 100, na fundi wengi wanapenda kulisukuma nyuma kabisa chini ya kitanda kwasababu ndo pana nafasi. Usikubali. Coaster ina mkia mrefu nyuma ya tairi, ukirundika uzito huko usukani unakuwa mwepesi na nyuma inayumba. Tanki likae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, chini. Lile la maji machafu nalo lisining'inie kwenye mkia, ukipanda kivuko pale kwenye lango la chuma gari inainuka mbele na nyuma inashuka, kitu cha kwanza kugusa ni hilo tanki.

Madirisha ya kitandani yafunguke yote mawili na yawe na wavu wenye matundu madogo sana, maana wale wadudu wa ziwani siku wakija wanakuja kama moshi na wavu wa kawaida wa mbu wanapenya. Wanafuata taa, kwahiyo taa ya mlangoni iwe na swichi yake, uizime kabla ya kufungua. Halafu upepo, huku mchana unatoka ziwani na usiku unageuka unatoka nchi kavu, kwahiyo ukipaki ufukweni dirisha moja la kitanda lielekee nchi kavu hata kama upande wa ziwa ndo mzuri kuangalia. Utalala bila feni na betri yako itapumua.

Kabla fundi hajakata hata ubao mmoja, chora gari nzima kwa chaki kwenye sakafu ya sebuleni kwako, kwa vipimo vya ndani, ukitoa na zile tairi za nyuma zinavyoinuka ndani ya sakafu. Halafu ishini humo jioni moja, mmoja apike mwingine avae mtoto apite. Njia ya katikati ikiwa chini ya sentimita 50 mtagongana, utaona palepale. Nyaya zote za umeme zipite kabla plaiwudi haijapigwa na upige picha zilipopita.

Na mwenye Hiace asijione yupo nje. Ile ya kawaida upana wa ndani ni kama futi 5, kwahiyo kulala kwa upana sahau, kitanda kiende kwa urefu upande wa kulia, futi 3 na nusu kwa 6, upande wa kushoto njia kutokea mlango wa kuslaidi. Jiko lote peleka nyuma kwenye droo ndefu inayovutwa ukifungua buti, maana ule mlango ukiinuka juu ni paa tayari, mvua inanyesha na wewe unageuza chapati. Kusimama wima ndani hutaweza, na hata ukichukua ya paa la juu mtu mrefu bado anainama, unavaa suruali umekaa, lakini kwa mtu mmoja au wawili wasio na mkwe safarini ni gari nzuri sana, inapita njia za Sengerema ndani ndani ambako Coaster yangu siipeleki.