Joto huvukaje ombwe la nanomita chache? Maswali yenu na majibu

Thamosi hutunza joto kwa sababu kati ya kuta zake mna ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa. Iweje tena joto livuke ombwe?

Ombwe linafunga njia mbili tu: joto haliwezi kupita kwa vitu kugusana wala kwa mzunguko wa hewa. Mionzi inapita kama kawaida, ndivyo joto la Jua linavyotufikia. Kuta za thamosi hung'arishwa kwa sababu hiyohiyo, ili mionzi irudishwe ilikotoka. Kitu cheusi kabisa chenye nyuzi 27 za Selsiasi hutoa wati 460 hivi kwa kila mita ya mraba. Weka sahani mbili kubwa zitazamane, ziachane sentimita moja au milimita moja, joto linalovuka ni lilelile.

Basi zikikaribiana sana kinabadilika nini?

Hapa ndipo penye utamu wote. Ndani ya kitu chenye joto, chembe zenye chaji hazitulii, na kutikisika kwake huzaa mawimbi ya sumaku-umeme. Baadhi huondoka na kwenda zake. Hiyo ndiyo mionzi inayohesabiwa na sheria ya mwanafizikia Max Planck ya mwaka 1900. Mengine hayaondoki. Hung'ang'ania usoni pa kitu na kufifia upesi mno, kiasi kwamba ukiwa mbali huna habari nayo. Sogeza uso wa pili hadi mahali ambapo bado yana nguvu: chembe zake zitatikiswa nayo, na joto limeshahama.

Mpaka wa mambo haya ni urefu wa wimbi la joto lenyewe, mikromita 10 hivi kwa joto la kawaida la chumba (mikromita ni sehemu ya milioni ya mita, na nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita). Planck mwenyewe alishaweka sharti kwamba sheria yake inahusu nafasi kubwa kuliko urefu huo. Mwaka 1971 wanafizikia Polder na Van Hove walikokotoa yanayotokea chini yake. Kwa vitu kama silika (malighafi ya kioo), ambavyo atomu zake hutikisika kwa masafa yanayolingana na joto la chumba, ukipunguza nafasi kwa nusu joto linalovuka huongezeka mara nne.

Kuna aliyepima, au ni hesabu za karatasini?

Limepimwa, na kwa taabu. Chukua sahani yenye upana wa sentimita moja, uiinamishe kwa sehemu moja tu ya elfu ya digrii: upande mmoja unapanda nanomita 170. Kama ulitaka nafasi ya nanomita 10, kazi imeharibika. Punje ya vumbi nayo inatosha kuziachanisha.

Ndiyo maana mwaka 2009 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitumia kigololi cha silika badala ya sahani ya pili. Walikigandisha kwenye kijiti chembamba chenye tabaka mbili zinazotanuka tofauti. Joto likiingia kijiti hupinda, na mwale wa leza husoma kilivyopinda. Walifika nanomita 30 hivi, na joto lilizidi mno kiwango cha Planck. Mwaka 2015 wenzao wa Chuo Kikuu cha Michigan walishuka hadi nanomita 2 hivi, na vipimo vikakubaliana na nadharia. Miaka miwili baadaye kikundi cha Oldenburg, Ujerumani, kikapata joto kubwa kupita nadharia yote. Wa Michigan wakaonyesha kwamba nyuso zisiposafishwa vya kutosha, uchafu hupitisha joto na kudanganya kipimo. Mimi naegemea upande wao.

Je, mtetemo wenyewe wa kitu chenye joto unaweza kuvuka ombwe?

Ndiyo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, waliweka tando mbili zilizopakwa dhahabu, zikiachana mamia ya nanomita, moja ikiwa na joto zaidi. Mvutano kati ya nyuso zilizokaribiana katika ombwe, uliotabiriwa na mwanafizikia Hendrik Casimir mwaka 1948, ulizifunga pamoja, mtetemo ukahama. Lakini ni mtindo mmoja tu wa mtetemo, kwa hiyo joto lenyewe ni dogo sana.

Faida yake?

Seli zinazogeuza mionzi ya joto kuwa umeme hutoa umeme mwingi zaidi zikikaribishwa hivyo na chanzo cha joto. Ugumu ni kwamba upande wa moto hutanuka na kujipinda, na nafasi yenyewe inatakiwa isibadilike.