Mwanangu, mto wote hautaingia mu picha moja

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza juu ya nini picha zako za mtoni zinatoka bila ladha, na wewe mwenyewe ukiwa pale unaona uzuri mpaka unakosa la kusema. Nimeangalia zote zenye ulituma, za mto Ruzizi na za kale kamto ka mu mianzi upande wa Tshivanga, mu parke ya Kahuzi-Biega, na naona jambo moja: unataka kuingiza kila kitu. Mbingu, mulima, ng'ambo zote mbili, maji, na mama anayefua. Mwenye kuangalia hajui aanzie wapi.

Sogea karibu, mwanangu. Chagua jiwe moja lenye maji yanapita juu yake, ao jani lililokwama pembeni, kisha ujiulize pale maji yanafanya nini, yanazunguka, yanaruka, ao yametulia tu. Piga hicho. Mbingu uiache kabisa, sana sana mu pori, juu ile nyeupe ya mbingu katikati ya majani inavuta macho yote.

Halafu vitesi, ni kusema muda wenye apareyi ya picha inafunguka kupokea mwanga. Watu wanasema weka sekunde moja maji yawe laini, lakini inategemea maji gani. Ruzizi inatoka ku ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya bahari, na inaingia Tanganyika ku mita kama 770, sasa wewe waza, inashuka karibu mita 700 njiani, njo maana ina nguvu vile. Maji ya hivyo ukiyapa sekunde nzima yanakuwa ukungu mtupu, nguvu yote imeisha. Jaribu 1/15 ao 1/8 ya sekunde, utaona mistari ya maji na bado utasikia yanakimbia. Kale kamto ka mianzi kanatembea pole pole, kape nusu sekunde ao zaidi, na trepiye, ile miguu mitatu ya kusimamishia apareyi, lazima. Punguza mwangaza kidogo pia, povu likishaungua jeupe hakuna programu italirudisha.

(Ku daraja ya Ruzizi na ku baraji yake, ule ukuta wa kuzuia maji, usitoe apareyi hata kidogo. Ule ni mpaka na Rwanda, watakusumbua bure. Tafuta fasi ingine.)

Sasa ile filtri, kioo cha kuzungusha mbele ya objektifu ya apareyi, polarizanti. Nunua hiyo mbele ya kitu kingine chochote. Majani yenye maji yanang'aa meupe na ule mwanga unafunika ukijani wake, ukizungusha filtri mwanga unaondoka na rangi inatokea. Njo maana mimi napenda pori kisha mvua, mawingu bado yapo, hakuna kivuli kikali. Inakula mwanga lakini, vitesi inashuka, na kwa maji hiyo inakusaidia. Ila usizungushe mpaka mwisho kila mara! Asubuhi kamto kakiwa mu kivuli na ng'ambo ya pili inapigwa jua, maji yanabeba ile rangi ya dhahabu juu yake, na filtri inaweza kuifuta yote. Zungusha pole pole huku unaangalia, ukiona rangi inakufa, rudi nyuma.

Kuna Mmarekani mmoja, Eliot Porter, alisomea udaktari kisha akaacha akapiga picha za rangi za pori na mito. Alipiga Glen Canyon, bonde la mto Colorado kule Amerika, mbele baraji ifungwe mwaka 1963 na maji yafunike kila kitu. Hakukazana na mandhari makubwa tu, alipiga mawe yenye maji, kuta za bonde, rangi ya mbingu ndani ya maji. Leo mtu akitaka kujua lile bonde lilikuwa namna gani anaangalia vile vidogo. Mimi nawaza yeye kila nikiona mito yetu, juu kingo zinabadilika, miti inakatwa, na hakuna mtu anapiga jiwe wala mzizi.

Ukienda tena, simama fasi moja tu upige tatu: 1/15, 1/4 na sekunde moja. Nitumie zote bila kuzirekebisha, halafu nipigie tuangalie pamoja.

Baba yako, Bukavu