Usiuzamishe mti wako: kupanda kwenye udongo mgumu usiopitisha maji

Mti wangu wa kwanza niliuua kwa maji. Nilichimba shimo lenye kina cha kunifika kiunoni na nikajivunia jasho langu. Chini nilimwaga changarawe ili maji yapite, juu yake nikajaza samadi na udongo laini mweusi niliouleta kutoka kwingine, kisha nikawa namwagilia kila jioni. Baada ya wiki chache majani yakawa manjano, yakalegea. Nikasema ni kiu, nikaongeza maji. Siku niliyoung'oa, harufu ya mayai viza ilinipiga puani. Mizizi ilikuwa myeusi, na ukiivuta kwa vidole inabanduka ngozi.

Wewe unayeanza, elewa kwanza nilichokifanya. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo mno zilizobanana, na maji hupenya humo kwa kujivuta. Mimi nilichonga ndoo katikati yake, nikaijaza kitu kinachonyonya maji upesi. Yakaingia, yakakosa pa kutokea. Mizizi nayo hupumua, na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Mzizi uliokosa hewa hauwezi kufyonza maji hata kama umelala ndani yake, ndiyo maana mti unaozama hunyauka sawasawa na mti wenye kiu. Hapo ndipo wengi hushika tena ndoo ya maji na kuumaliza.

Kwa hiyo, kabla hata hujatafuta mche, pima. Chimba shimo dogo la majaribio, sentimita 30 upana na sentimita 30 kina. Lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, halafu simamisha humo kijiti chenye alama uone yanavyoshuka. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, una kazi. Kesho yake ukiyakuta bado yametuama, acha mawazo ya kuchimba mahali hapo. Jenga tuta pana na upande juu yake, au tafuta kona nyingine. Wakati mwingine tatizo ni tabaka moja gumu lililojificha chini. Piga mtaimbo: ukigonga kitu kigumu kisha ghafla ukadidimia, tabaka ni jembamba, na kulitoboa kunaweza kutosha kuyafungulia maji njia.

Shimo lenyewe liwe pana kuliko kina. Upana uwe mara mbili au tatu ya donge la mizizi, yaani udongo ulioshikana na mizizi ya mche. Kina kisizidi kimo cha donge hilo. Kwenye udongo mzito mimi hupunguza zaidi, donge likabaki limechomoza sentimita 5 hadi 8 juu ya uwanda, kisha nasogezea udongo pembeni uwe mteremko mdogo. Pale shina linapoanza kutanuka kuelekea mizizi pasifukiwe kamwe. Donge likae juu ya udongo ambao haujakorogwa, maana uliokorogwa hutitia baadaye na mti ukashuka nao.

Usichimbe udongo ukiwa umelowa. Sepetu likiukata hivyo, kuta za shimo hulainika na kung'aa kama chungu kibichi, na mizizi ikifika hapo inageuka na kuzunguka badala ya kupenya. Zikishang'aa, zikwaruze kwa uma wa bustani mpaka ziwe na mikwaruzo na nyufa. Tazama pia mizizi iliyojiviringa ndani ya kiriba, ule mfuko wa kuoteshea mche: inyooshe, na isiyonyooka ikate. Inauma kuikata, lakini ukiiacha itaendelea kuzunguka hivyo hivyo.

Sasa jambo ambalo mimi hubishana juu yake na karibu kila mtu: rudishia udongo uleule uliouchimba. Usichanganye mchanga, kwani mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hukupa kitu kinachokaribia tofali. Changarawe ndiyo mbaya zaidi, maana huonekana kama akili. Maji hayatoki kwenye udongo wenye vitundu vidogo kuingia kwenye nafasi kubwa za mawe mpaka udongo wa juu uwe umelowa chepechepe. Changarawe haikaushi shimo. Inasogeza tope juu, karibu na mizizi. Jasi, madini yenye kalsiamu yanayouzwa kama dawa ya udongo, nayo husifiwa sana, ila husaidia pale tu udongo unapokuwa na sodiamu nyingi.

Mboji na samadi iliyooza vizuri nazitandaza juu ya ardhi, na juu yake matandazo ya majani makavu au vipande vya mbao, unene wa sentimita 5 hadi 10, mbali na shina kwa upana wa kiganja. Minyoo itayashusha taratibu na kuchimba njia vizuri kuliko jembe langu. Ni kazi ya miaka, si ya msimu mmoja.

Na kuhusu kumwagilia, nimeacha kufuata saa. Nachomeka kijiti karibu na donge, na pembeni yake kidogo, kwa sababu donge laweza kukauka huku udongo wa kando umelowa, au kinyume chake. Kikitoka na tope, naondoka. Kikitoka kikavu, namwaga maji mengi mara moja, polepole, kisha sirudi mpaka kijiti kiniite.