Kivuli Hakimo Kwenye Hati

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni mama wa watoto wawili naishi Tabata, mume wangu kazi yake ipo mjini na mimi niko hospitali zamu za usiku, masaa tunayopoteza barabarani kwa wiki ukiyajumlisha unaweza kulia. Tumeuza kiwanja chetu cha Kibaha, tukaongezea mkopo wa SACCOS ya kazini, sasa tunatafuta pa kununua. Mwezi uliopita dalali katupeleka Upanga, mtaa una miti huku na huku matawi yamekutana juu kama turubai la harusi, saa saba mchana watu wanatembea hawana hata haraka, mwanangu akaniuliza mama, hapa bado ni Dar? Fleti iko ghorofa ya pili, vyumba vitatu, jengo la zamani ila limesimama vizuri. Bei milioni 240. Muuzaji anasema ilikuwa ya marehemu baba yake, katuonyesha mkataba na faili zima la risiti za kodi za kila mwezi, hati anasema iko ardhi inashughulikiwa, na anataka nusu ya hela wiki hii kwa sababu kuna mteja mwingine anasubiri. Mume wangu kashalainika, mi roho inasita. Tufanyeje? Mama wawili, Tabata.

JIBU: Marhaba mwanangu. Msitoe hata shilingi wiki hii. Huyo mteja mwingine kama yupo mwacheni anunue.

Nimesoma barua yako mara mbili na kilichonishtua ni hilo faili la risiti. Mwenye nyumba hajilipi kodi ya pango kila mwezi, anayelipa kodi kila mwezi ni mpangaji. Na Upanga hiyo ina historia yake ambayo dalali hawezi kukusimulia. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo, nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa, na kwa sababu Upanga ilijengwa sana na Wahindi miaka ya hamsini, majengo mengi ya huko yaliingia humo. Yakawa chini ya Msajili wa Majumba, mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ndo hiyo NHC tunayoijua. Kwa hiyo fleti nyingi za zamani pale watu wamezaliwa humo, wameolea humo, wamezika wazazi wakitokea humo, na bado ni wapangaji. Baba wa huyo muuzaji inawezekana kabisa alikaa miaka arobaini kwa heshima zake zote na asiwe na cha kurithisha zaidi ya vitasa na mapazia.

Mnachouziwa inaelekea ni kilemba. Yaani unampa mpangaji hela nyingi anatoka, wewe unaingia na kuendelea kulipa kodi kwa jina lake au unaahidiwa kwamba jina litabadilishwa. Mdogo wangu mimi aliingia kwenye hiyo kitu, katika jengo la zamani hapo hapo mjini, akatoa hela aliyokusanya miaka tisa ya kuendesha malori ya kwenda Zambia, wakaandikishana mbele ya mashahidi wanne na picha wakapiga. Miezi kumi na moja baadaye ikaja barua kwamba anayeishi humo siye aliye kwenye mkataba wa upangaji. Muuzaji simu haipatikani, dalali anasema yeye alikuwa anaonyesha tu. Tulienda kwa wakili akatuuliza swali moja, mlinunua nini? Tukakosa jibu. Hela haikurudi mwanangu, na nakuandikia hivi kwa urefu kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia mdogo wangu pale ni pazuri asichelewe.

Sasa sisemi Upanga hakuna cha kununua. Zipo nyumba za watu binafsi ambazo hazikuchukuliwa, yapo maghorofa mapya yenye fleti za kuuzwa, na hata shirika lenyewe limejenga na kuuza fleti. Mwambieni muuzaji awape namba ya hati, namba tu, halafu wakili wenu (wenu, sio wa dalali) aende kwa Msajili wa Hati akafanye upekuzi rasmi. Pale mtaona jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki umeshikilia, kama kuna zuio la mahakama. Mtu akikataa kutoa namba ya hati mazungumzo yameisha, shukuruni chai muondoke.

Na kama kweli ni mali ya marehemu, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na jina lake kama msimamizi liwe limeshaingizwa kwenye hati. Mtoto mmoja mwenye ufunguo hatoshi. Ulizia na ndugu zake wako wapi, ongea nao kwa simu wewe mwenyewe, maana nyumba za mitaa ya zamani mara nyingi zina warithi waliotawanyika, mmoja Leicester, mmoja Toronto, mmoja yupo Mwanza hajui hata kama nyumba inauzwa. Muuzaji akiwa na mke au mume, ridhaa ya mwenza kwa maandishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya ndoa na mauzo bila hiyo ridhaa yanaweza kukutesa miaka.

Halafu angalieni miaka. Bongo ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, sisi tunapewa haki ya kukaa kwa muda, 33 au 66 au 99. Mitaa mipya watu hawaliwazi hilo ila mitaa ya zamani saa inaenda. Mwaka 1963 umiliki wa milele wa kikoloni ulifutwa ukageuzwa kuwa miaka 99, kwa hiyo hati ya ukoo huo inaisha 2062, na mwanao huyo aliyeuliza kama hapa bado ni Dar atakuwa bado mtu mwenye nguvu zake. Kuna utaratibu wa kuongeza muda, ila ujue unanunua mingapi na bei iongelee hiyo mingapi.

Kwa fleti kuna kitu cha ziada. Tangu sheria ya 2008 sehemu ya jengo inaweza kuwa na hati yake peke yake. Kama jengo zima lina hati moja na wewe unapewa karatasi ya makubaliano tu, unakuwa umenunua ahadi. Hela zipite benki, mkataba uandikwe na wakili, na sehemu ya malipo ibaki mpaka jina libadilike. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, msikubali kubebeshwa kimya kimya.

Nirudi kwenye miti maana najua ndo iliyowachukua moyo, na mimi siwalaumu hata kidogo. Wakati wa Mwingereza kivuli cha mji huu kiligawiwa kwa rangi, Oysterbay ya Wazungu viwanja vikubwa na bustani, Upanga ya Wahindi nyumba zina nafasi mbele na nyuma, Kariakoo ya Waafrika viwanja vimebanana hata mwembe hauna pa kukaa. Mama wa Tabata anapotaka mwanawe akue chini ya mkungu na mkrismasi wenye maua mekundu Disemba, mimi nafurahi kutoka moyoni, nataka mpate.

Ila kivuli hakimo kwenye hati. Ile miti mliyotembea chini yake mingine iko kwenye hifadhi ya barabara, mingine iko ndani ya ukuta wa jirani, na jirani akiuza kwa mjenzi wa ghorofa kumi, asubuhi moja mtasikia msumeno wa mnyororo na jioni jua linapiga sebuleni. Nimeona inatokea Upanga, nimeona Kinondoni. Kwa hiyo msikague fleti tu, kagueni majirani. Pitieni mtaa mzima mkitazama vibao vya kusudio la kubadili matumizi ya ardhi vinavyosimikwa mbele ya viwanja, mkiona cha makazi kwenda biashara mjue kinachokuja. Nendeni ofisi ya mipango miji ya Jiji muulize kitalu hicho kimepangiwa nini na ghorofa ngapi zinaruhusiwa. Na mlinzi wa geti la jirani na mama ntilie anayeuza chini ya ule mti, wanajua nani anauza, nani kafa, nani kagombana na nani, kaeni nao mle wali maharage bila haraka.

Mvua ya Aprili ikipiga rudini tena. Upande wa Upanga Magharibi unaoshuka kuelekea Jangwani uko jirani na bonde la Msimbazi, na mafuriko ya Disemba 2011 tunayakumbuka. Ghorofa ya pili maji hayakufikii ila gari na chemba viko chini.

SWALI: Anko, mimi nimeshanunua nyumba ya zamani, ina mfikusi mkubwa sana umepasua uzio na chemba inaziba kila mwezi. Fundi anasema nikate mizizi yote ya upande wa nyumba. Mkazi wa Oysterbay.

JIBU: Usimruhusu. Ukikata mizizi mikubwa karibu na shina upande mmoja, upepo wa masika utaulaza mti, na utalalia upande ambao hauna nanga. Mara nyingi mzizi haukufuata chemba, ulifuata maji. Bomba za zamani zinavuja kwenye maungio, mzizi mwembamba unaingia, unanenepa humo humo. Badilisha hiyo laini yote ya majitaka uweke plastiki, maungio yabanwe vizuri, utashangaa chemba itakavyotulia. Uzio vunja kipande hicho tu ujenge tena ukiupisha mzizi, nguzo mbili na boriti juu, mzizi upite chini. Matawi yanayoegemea bati punguza kabla ya Machi, na yanayogusa nyaya waite TANESCO, usimpandishe kijana na panga. Na kabla ya yote pima bikoni zako, zile alama za mpaka wa kiwanja, maana kama shina lipo nje ya mpaka mti ni wa barabara na wa kuomba ruhusa ni Manispaa.