Mistari ya kicheko kando ya mdomo
Dada yangu, umeuliza kwa nini mistari inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo imezidi ukiwa na miaka 41, na kama krimu uliyouziwa itaifuta. Kicheko si kosa lako. Ngozi hupoteza kolajeni, protini inayoipa uimara, kadiri umri unavyosonga, mafuta ya mashavuni hupungua na kushuka, na jua huharakisha hali hiyo, hasa kwa mtu kama wewe unayeinamia dagaa walioanikwa pale Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, tangu asubuhi, huku mwanga ukikurudia usoni kutoka ziwani. Krimu yenye retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A, hufifisha mistari myepesi baada ya miezi kadhaa, ila haifai kwa mjamzito. Mkunjo mzito hujazwa kwa sindano ya asidi ya hyaluroniki, ute unaojaza ngozi kwa ndani, inayodumu takriban miezi 6 hadi 18. Nakusihi ichomwe na daktari aliyefunzwa kazi hiyo, kwa sababu ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au hata kupofusha jicho. Kopo lako la krimu lisilo na lebo, linaloahidi kung'arisha uso kwa siku 3, liache leo, maana krimu za namna hiyo mara nyingi hukutwa na zebaki au haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi. Anza na kofia pana.